Je, Ni Dhambi Kupanda Matatu ya Moshi?



Baada ya Misa ya vijana mwezi uliopita, dada mmoja aliniuliza swali ambalo wengine walilichukua kama utani. "Kama najua moshi wa hizi mathree unaumiza watu, na kila asubuhi nalipa nauli naingia, si mimi pia natenda dhambi? Nikaungame?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mama yake anauza chai na mandazi kwenye steji, na ana pumu.

Nimelitafakari swali hilo, na nimeona linastahili jibu la kweli.

Kwanza moshi wenyewe, maana tumeuzoea hadi tunauona kama vumbi tu, kitu cha kupangusa na leso. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo. Huko London aliishi mtoto aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, karibu na barabara yenye magari mengi. Alifariki mwaka 2013 kwa pumu kali, akiwa na miaka 9. Desemba 2020, afisa wa sheria anayechunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuandika hivyo. Mamake alipigania uamuzi huo kwa miaka. Kwetu mtu akifa kwa pumu tunasema alikuwa na shida ya kifua, tunachanga, tunazika, basi.

Sasa, dhambi ni ya nani? Katekisimu (namba 1868) inasema tunashiriki dhambi za wengine tunapozitenda pamoja nao kwa hiari, tunapoziagiza au kuzisifu, na tunaponyamaza wakati ni wajibu wetu kuzizuia. Shika hilo neno, kwa hiari. Mtu anayetoka Kayole kwenda kazini mjini hana matatu mbili mbele yake, moja safi na nyingine chafu, achague. Akikataa ile inayotoa moshi, atatembea zaidi ya kilomita kumi, achelewe, afutwe kazi. Hakutaka moshi, alitaka kufika. Wanateolojia wa maadili huuita ushirikiano wa mbali, na penye sababu nzito kama mkate wa nyumbani, haumhukumu mtu. Dada yangu, usiibebe hiyo kwenye kitubio.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimetuliza dhamiri na kuacha mapafu ya mama yakiwa vile vile. Abiria anaweza kukosa hatia na deni likabaki palepale.

Someni Kutoka sura ya 22. Mtu akiwasha moto shambani kwake, ukatoroka ukateketeza nafaka ya jirani, aliyewasha lazima alipe. Sheria haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Inauliza moto ulitoka kwa nani. Nikiisoma namuona matatu akingoja abiria steji injini ikiunguruma. Faida ya safari iko ndani ya gari, kwa abiria, dereva, makanga na mwenye gari. Hasara iko nje, kwa mama wa mandazi, kwa askari wa trafiki, kwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Hao hawakuulizwa na hawakulipwa. Kwa hiyo tukisema mabasi ya umeme ni "zawadi kwa mazingira", tunakosea lugha. Hewa safi kwa yule mama ni haki yake, tumechelewa kumlipa.

Nani alipe? Jibu la haraka ni mwenye matatu. Mimi nasita. Wengi wana gari moja, tena la mkopo, na hilo ndilo linalosomesha watoto. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wake. Matatu ni jiwe la kusagia. Ukimwambia aliegeshe kesho anunue basi la umeme, ambalo bei yake ya kununua ni kubwa kuliko la dizeli hata kama kuliendesha ni nafuu, umemtoa masikini mmoja kumuweka mwingine.

Ndiyo maana nilivutiwa na mpango ulioanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2022, wa kampuni ya BasiGo. (Hakuna aliyenilipa kusema hivi, jamani.) Mwenye gari ananunua basi bila betri, halafu analipia betri na chaji kulingana na kilomita alizoendesha. Mzigo uliokuwa unaanguka kwenye shingo moja unagawanywa. Na kwa Kenya kuna jambo lingine la kushukuru Mungu: karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua. Basi likichajiwa hapa, moshi haujahamishwa tu kutoka steji kwenda kijiji kilicho jirani na mtambo wa makaa ya mawe. Nchi nyingine haziwezi kusema hivyo.

Kuna wanaopinga: mbona mmesahau Kolwezi? Hoja hii ni nzito. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na kule Lualaba watu wanaoongea Kiswahili kama sisi wanashuka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mikono, watoto wakiwemo. Ila tuseme ukweli wote. Mabasi mengi ya umeme, yakiwemo yale ya BYD ya China, yanatumia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti. Kwa hiyo mtu anayemtaja mtoto wa Kolwezi ili abaki na dizeli yake, huku simu mfukoni mwake ina kobalti, hajamhurumia yule mtoto, amemtumia. Hata hivyo deni halijaisha, kwa sababu basi la umeme linahitaji shaba nyingi, na shaba inachimbwa huko huko. "Bila moshi" ni maneno ya bomba la nyuma tu. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 aliyaambia mataifa waache kuinyonya Kongo, na sidhani alikuwa anawaacha nje wanunuzi wa mabasi.

Na mafundi wa Grogan, waliolea familia kwa kufungua injini za dizeli? Nao wafundishwe kazi mpya kabla injini hazijaisha, siyo baada. Hilo sitalirefusha.

Turudi kwa hiari, maana wapo wanaoweza kuchagua. Katika Laudato Si' (namba 153) Papa Fransisko aligusa jambo ambalo wanaopanda matatu wanalijua: magari madogo yenye mtu mmoja au wawili yanajaza barabara na kuchafua hewa, na usafiri wa umma unahitaji kupewa kipaumbele, lakini watu hawatauhamia kama ni msongamano na mateso yasiyo na heshima. Yeye mwenyewe akiwa askofu mkuu wa Buenos Aires alipanda basi na treni ya chini ya ardhi. Basi, wewe unayeitisha teksi ya simu kila siku kwa sababu mathree "si za watu wa level yako", swali la yule dada lilikuwa lako zaidi kuliko lake.

Na kuna mwenye hiari mwingine ambaye hatumtaji: sisi kama Kanisa. Tuna mabasi. Shule zetu zinayo, seminari zinayo, parokia zinayo. Tunasoma Laudato Si' kwenye semina, halafu basi la shule linaunguruma langoni na watoto wa chekechea wanapita nyuma ya bomba. Hapo ushirikiano si wa mbali tena. Moto tumewasha sisi.

Sitadai basi la umeme kwa hija ya Subukia. Ni mbali, na njiani kuna milima. Lakini basi la shule linalozunguka mtaani asubuhi na jioni, kisha linalala uani usiku kucha karibu na soketi, ndilo kazi yake inayofaa umeme kabisa. Kama uko kwenye kamati ya vijana, uliza kwenye baraza la parokia: basi letu lina miaka mingapi, lijalo litakuwa la aina gani, na hili kuukuu tutamuuzia nani, aende kulivutia moshi wapi? Wakati majibu yanatafutwa, dereva aombwe azime injini anaposubiri langoni. Hilo linaweza kuanza Jumatatu.