Kumwonyesha Mwenzio Jibu: Je, Ni Mapendo?

Jioni moja, baada ya mafundisho ya dini, wasichana wawili wanaosomea uuguzi hapa Butembo walitungoja mlangoni pa kanisa. Mmoja ni mwenyeji wa mji. Wa pili ametoka kijiji cha upande wa Beni. Yeye na jamaa yake walikimbia mauaji yanayowapata raia wa huko tangu Oktoba 2014, na kwa ajili ya kukimbia huko amekosa masomo ya majuma mengi. Mtihani wao wa mwisho u karibu. Yule wa kwanza akatuuliza: "Mwalimu, nikiketi karibu na mwenzangu siku ile, nikamwonyesha jibu, je, ni dhambi?"

Tulijibu upesi kwamba huo ni udanganyifu, na udanganyifu ni dhambi. Akatutazama, akasema: "Siku alipofika hapa, mama yangu alimpa chumba na unga. Hakuna aliyemwambia ale alicholima mwenyewe. Basi unga nimgawie, jibu nimnyime?"

Ndugu wasomaji, twakiri kwamba neno hili lilitunyamazisha. Wazee husema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena msichana huyu hakutafuta faida yake mwenyewe, alitafuta faida ya mwenzake. Swali lake lilistahili jibu bora kuliko lile tulilolitoa kwanza. Tukawaomba warudi kesho yake.

Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema. Yatupasa basi kuuliza: mema ya mwanafunzi wa uuguzi ni yapi? Ni karatasi, au ni ujuzi ambao karatasi yaushuhudia? Unga humshibisha hata yule asiyeulima. Lakini jibu lililonakiliwa halimshibishi mtu. Mwenye kulinakili hutoka chumbani kama alivyoingia, ila sasa watu watamwamini kwa jambo asilolijua.

Tena kuna mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani, naye ni mgonjwa. Unga ule ulikuwa mali ya mama, naye alikuwa na haki ya kuutoa. Bali diploma ni ahadi kwa mgonjwa: "Huyu anajua kazi, mpe mkono wako akuchome sindano." Nchi yetu, kwa sheria ya mwaka 2016, iliunda chama cha kuisimamia kazi ya wauguzi, kiitwacho Ordre, kwa kuwa kazi hii ni amana ya watu wote. Hakuna awezaye kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine, wala kwa usalama wa mwingine.

Tutoe mfano. Mtoto wa kilo 12 aletwa usiku, amezimia kwa malaria kali. Dawa ni sindano ya artesunati. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2,4. Basi mtoto huyu apewe miligramu 36. Mwuguzi akishika kipimo cha wakubwa, atampa chini ya 29, na huenda ugonjwa ukazidi nguvu. Usiku ule hana jirani wa kumchungulia. Yupo mama wa mtoto tu, amesimama anatazama.

Sisi wa Butembo na Beni twalijua jambo hili kuliko wengi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliwapata watu 3470, ikawaua 2287. Wauguzi walikuwa miongoni mwa waliougua. Siku zile utaratibu wa kuvua glavu na mavazi ya kinga haukuwa swali la shule tu. Aliyekosea hatua moja aliweza kuupeleka ugonjwa nyumbani kwake.

Je, tumwache rafiki ashindwe? Hasha! Kosa la yule msichana halikuwa kutaka kutoa, ila saa ya kutolea. Saa ya kumsaidia mwenzio ni miezi ya kabla ya mtihani, na humo kazi ni nyingi.

Kwanza, fungeni kitabu. Wengi husoma ukurasa mara tano, wakadhani wamejua kwa kuwa macho yameuzoea. Mmoja aulize, mwingine ajibu bila kutazama. Penye kimya ndipo pa kujifunza. Pili, rudieni somo baada ya siku mbili, kisha baada ya juma, kisha baada ya majuma mawili. Hukaa kuliko lililoshindiliwa usiku mmoja. Tatu, hesabu za dawa zifanyeni kila siku, kila mmoja peke yake, ndipo mlinganishe. Nne, kazi za mikono zitendeni huku mkitaja kila hatua na sababu yake. Tano, usiku wa kuamkia mtihani laleni. Na siku yenyewe, someni swali mpaka mwisho: laulizia lipi lifanywe kwanza, au lipi lisifanywe kamwe? Mnayoyajua yajibuni mbele, magumu myarudie.

Mtu atasema: "Kumwonyesha jibu ni dakika moja, kumfundisha ni majioni sitini." Ndivyo. Mama yule naye hakutoa unga wa siku moja tu. Alikubali mgeni akae.

Na kama rafiki akishindwa hata hivyo? Itakuwa huzuni, wala hatuifichi: karo imelipwa kwa shida, na mwaka ni mrefu. Lakini mtihani hurudiwa. Mtoto aliyekufa harudi. Aliyeshindwa kwa haki aweza kusimama tena. Aliyeshinda kwa hila ataogopa kila kitanda.

Kesho yake tuliwaambia hayo. Ndipo yule wa Beni, aliyekuwa kimya jioni zote mbili, akasema: "Mimi sikumwomba jibu. Nilitaka anifundishe hesabu, nikaona haya."

Basi, wasomaji wapenzi, kabla ya kumsaidia mtu, tumwulize kwanza anahitaji nini.