Nafasi Iliyo Mbele ya Gari la Shule



Kila asubuhi ya shule, magari ya watoto wetu hupita Msamala, Bombambili na Lizaboni, mara nyuma ya lori la mahindi, mara nyuma ya bajaji. Mengine hufuata kwa karibu mno. Yafaa tujiulize: je, kumfuata mwenzako kwa karibu ni kosa la ufundi tu, au ni jambo la dhamiri pia?

Tuanze na hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona gari la mbele linasimama, huweza kupita sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Ndiyo maana madereva hufundishwa kuchagua alama, kama nguzo ya umeme: gari la mbele likiipita, wahesabu angalau sekunde 2 kabla nao hawajaifikia. Gari likiwa zito, au barabara ikiwa na utelezi wa masika, sekunde ziongezwe hata kufika 4 au zaidi. Tena, hata magari yasipogongana, breki ya ghafla yaweza kumrusha mtoto aliyesimama.

Dereva atasema, "Nikiacha nafasi, bodaboda hujiingiza. Nikirudi nyuma, mwingine huingia. Je, niwe mjinga wa barabara?" Malalamiko haya ni ya kweli, wala hayastahili kuchekwa. Lakini tuyapime. Kila anayejiingiza humchelewesha sekunde chache tu. Wakiingia 10, hata dakika moja haitimii. Kinachomuuma si muda, bali ni kuona amenyang'anywa haki yake. Kumbe nafasi ile haikuwa mali yake. Ni akiba ya watoto, naye ni wakili tu. Mtu akiihatarisha roho yake mwenyewe, atajibu kwa Mungu. Watoto walio nyuma yake hawakuulizwa.

Wapo pia wasemao, "Mungu atatulinda." Naam, hulinda. Lakini Shetani alipomshawishi Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya hekalu, akitaja ulinzi wa malaika, Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Kuiacha nafasi si upungufu wa imani. Ni kukiri kwamba sisi ni wanadamu, na kwamba aliye mbele yetu aweza kukosea.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, gari la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ajali ile haikuwa ya magari kufuatana kwa karibu. Hata hivyo yatukumbusha kwamba anayeendesha watoto amebeba nyumba nyingi kwa safari moja.

Basi tusimtwishe dereva peke yake mzigo huu. Mwenye shule akimpangia mizunguko miwili pale unapotosha muda wa mmoja, nafasi imekwisha kuliwa ofisini kabla gari halijawashwa. Mzazi anayemtoa mtoto nje akiwa amechelewa, kisha akampigia dereva simu kumhimiza, naye ameimega. Twamlaumu dereva kwa haraka ambayo sisi wenyewe tumemwagiza.

Ndugu zangu, jambo la kufanya si kubwa. Watoto wawe tayari barabarani kabla gari halijafika. Wenye shule wapange ratiba inayojua kwamba mvua hunyesha. Gari likichelewa dakika 5 siku ya utelezi, tumpokee dereva kwa shukrani, wala mtoto asiadhibiwe darasani kwa ajili ya dakika hizo. Na katika maombi yetu ya Jumapili tuwakumbuke madereva wa shule, maana ni wachache wanaokabidhiwa amana kubwa kama yao kila siku.