Daftari la Vitabu vya Baba

Ndani ya jalada la nakala yetu ya *Shamba la Wanyama* kuna mstari mmoja wa wino wa buluu: "Mali ya", kisha jina la baba, kisha namba 17. Karatasi ya kaki aliyokikavia kitabu hicho imechakaa kwenye pembe hadi imekuwa laini kama kitambaa. Mgongoni kimepakwa gundi mara mbili, na ile ya pili ilipakwa kwa haraka, kwa hiyo kurasa chache za katikati zimeshikana na inabidi uzifungue taratibu. Ni hadithi ya George Orwell iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutolewa Nairobi mwaka 1967 na East African Publishing House, kampuni ambayo leo haipo tena. Mchapishaji amekwisha, mwenye jina tumemzika, na kitabu bado kinasomeka.

Namba ile ilikuwa ya daftari. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na vitabu vyake havikuzidi sitini, lakini kila kimoja kilikuwa na namba yake, na kila aliyekuja kuazima aliandikwa: tarehe, jina, namba ya kitabu. Kikirudi, jina linakatwa kwa rula. "Mali bila daftari," alikuwa akisema, wala hamalizii, maana sote tulijua kilichobaki. Majina yamo mpaka leo: fundi cherehani, muuguzi wa zahanati, katekista, vijana waliokuwa wakirudia mtihani. Nilipokuwa mdogo niliamini daftari lile ni la kulinda vitabu visitoke nyumbani. Sasa nikilifungua naona kinyume chake. Asiyetaka vitabu vyake vitoke hana haja ya daftari, kufuli linamtosha.

Jambo hili limekuwa likinizunguka kichwani tangu mwaka jana, simu yangu ilipokufa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikinunua vitabu kwenye duka moja la mtandaoni. Niliponunua simu mpya, akaunti ya zamani ikagoma kufunguka, na barua pepe nilizowaandikia zilijibiwa kwa maneno yaleyale yaliyoandaliwa kabla. Fedha zilipotea, na fedha si kitu cha kudharau. Lakini kilichoniuma zaidi ni kitabu kimoja kati ya vile, ambacho nilikuwa nimemwahidi binti wa dada yangu. Nilipotulia nikagundua kwamba hata simu ingekuwa nzima ahadi ile nisingeweza kuitimiza. Kumwazima kitabu kile ningelazimika kumkabidhi simu yenyewe, pamoja na meseji zangu, picha zangu na namba ya siri ya M-Pesa.

Tukibonyeza "nunua", mara nyingi tunachopewa ni ruhusa ya kusoma, na mwenye ruhusa ni yule aliyeitoa. Mwezi Julai mwaka 2009 wasomaji wa Marekani waliokuwa na Kindle walifungua vifaa vyao wakakuta vitabu viwili vya Orwell vimetoweka: *1984* na *Animal Farm*, ndicho hikihiki tulichonacho nyumbani kwa Kiswahili. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza, na Amazon, badala ya kumalizana naye, ikaingia kwenye vifaa vya wanunuzi ikavifuta na kuwarudishia fedha zao. Baadaye Jeff Bezos aliomba radhi hadharani, na nakubali kwamba aliomba vizuri. Miongoni mwa walioshtaki alikuwamo mwanafunzi aliyekuwa akisoma *1984* kwa kazi ya shule, huku akiandika maelezo yake kadiri anavyosoma. Maelezo yake hayakufutwa, lakini hayakuwa tena na ukurasa wa kuelekea. Miaka kumi baadaye Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikafungwa pamoja nalo. Huko pia watu walirudishiwa fedha. Kana kwamba kitabu ulichokwisha kukisoma, ukakipigia mistari na kukirudia ulipopata habari mbaya usiku, kinaweza kurudi kuwa bei yake.

Namfikiria mwanafunzi yule kila ninapofika mahali ambapo farasi mchapakazi anachukuliwa na gari la machinjio. Hapo, pembeni mwa ukurasa, baba amepiga mistari miwili ya penseli iliyosimama, na kando yake alama ya kuuliza. Chini ya alama hiyo kuna mwandiko mwingine, mdogo na wa kulala, umeandika neno moja: "Ndivyo." Nimeulinganisha na sahihi za kwenye daftari na karibu nina hakika ni wa yule muuguzi. Hawakukaa meza moja kuzungumza habari za farasi yule. Mmoja aliuliza, kitabu kikatembea, mwingine akajibu, kikarudi nyumbani na jibu ndani yake. Nimesoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara naisoma nikiwa na watu wawili begani.

Wa pwani walilijua jambo hili zamani kuliko sisi wa bara. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, kumehifadhiwa hazina ya miswada na vitabu vya kale, na vingi kati yake vimeandikwa kuwa ni wakfu. Neno hilo limekaa juu ya kitabu kwa uzito wake wote: aliyekuwa mwenyewe ameiacha haki ya kukiuza, warithi hawakigawani, na kazi yake iliyobaki ni kusomwa. Kwangu mimi hapo ndipo umiliki unapofika kileleni, pale mtu anapokuwa na kitu kikamilifu kiasi cha kuweza kukitoa moja kwa moja. Huwezi kuweka wakfu ruhusa uliyopewa na duka.

Miswada hiyo ya Lamu imepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na nalisema hilo kwa shukrani. Unyevu wa bahari haumwonei mtu haya, na wadudu hawachagui kati ya tafsiri ya Kurani na daftari la madeni. Mwanafunzi aliye mbali na Lamu anaweza kuzisoma kurasa hizo bila nauli, na mwenye macho mabovu anakuza herufi anavyotaka. Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia maktaba hiyo ya London, na huduma zake za mtandaoni zikalala kwa miezi mingi. Karatasi zenyewe zilikuwa Lamu, kabatini, na aliye karibu nazo aliweza kuzifikia wakati wowote.

Kwa hiyo nimeanza tena kununua vitabu vya karatasi, taratibu, kimoja kwa mwezi ikiwezekana, vingine vya mitumba kutoka kwa wale wanaovipanga kando ya barabara. Kila kimoja nakipa namba kuanzia pale baba alipoishia. Bado nasoma kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Ila kitabu ninachotaka kiwe na maisha baada yangu, nakitafuta cha kushikika.

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alikuja, nikamweleza kwamba kile nilichomwahidi sinacho tena, nikamtolea namba 17. Aliuliza kwa nini kurasa zimeshikana. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, naye akalivuta asome. Kuna majina tisa ambayo hayajakatwa. La saba ni langu: nilichukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert kwenda nayo bweni, nikamwazima mwenzangu wa kitanda cha juu, naye akamwazima wa darasa la mbele. Baba aliniuliza mara moja tu, likizo ya Desemba, kama walau kinasomwa. Nikamjibu ndiyo.

Binti alichukua kalamu mwenyewe. Akaandika tarehe, akaandika jina lake chini ya langu, akaandika 17.