Nyumba Ikishavunjwa

Tendo lililokwisha kutendwa laweza kutenduliwa? Na kama laweza, je, litastahili bado kuitwa tendo? Swali hili ni la kale, na wenye vitabu wameliandikia mengi. Mimi nimelikuta chini ya mwembe, katika kata ya Lumemo mjini Ifakara, likibishaniwa na vijana wanne ambao hawakujua kuwa wanazungumza falsafa. Walikuwa wakilinganisha matoleo ya mchezo wa kompyuta.

Msomaji wa Visiwani asikunje uso. Karibu kila nikijuacho nimejifundisha mwenyewe, pamoja na lugha ninazozifasiri, na aliyezoea kujifundisha haoni haya kumwuliza kijana. Niliwauliza, mmoja wao akiwa mpwa wangu, nao wakanieleza kwa subira ambayo wazee wa bao hawakupata kunionyesha.

Mchezo wenyewe huitwa Fire Emblem, na asili yake ni Japani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1990 kwa mashine ya Famicom, mbunifu wake akiwa Shouzou Kaga wa kampuni ya Intelligent Systems. Uwanja wa vita umegawanywa miraba kama ubao wa sataranji. Mchezaji humsogeza askari mmoja mmoja, akimaliza humwachia adui zamu. Hadi hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba katika sataranji kitunda hakina jina wala mama, ilhali hapa kila askari ana jina, ana uso, ana kwao, na ana maneno aliyokwisha kukwambia kabla ya vita. Na akifa, amekufa. Harudi katika vita vifuatavyo wala katika hadithi iliyobaki. Kosa la mchezaji kumweka mpiga mishale mbele ya mpanda farasi hulipwa kwa mtu, si kwa alama.

Vijana wa Lumemo huyacheza matoleo ya mwaka 2003 na 2004 katika simu zao, kwa programu inayoiga mashine ndogo ya zamani. Matoleo mapya wanayajua kwa kutazama wengine wakicheza. Na ubishi wao ulikuwa huu: lipi ni bora, la zamani au jipya? Maana sheria ya kifo imelegezwa hatua kwa hatua. Mwaka 2010 lilitoka toleo linalomruhusu mchezaji kuchagua, tangu mwanzo, kwamba askari wake wakianguka watarejea vita vikiisha. Mwaka 2015 likaja lenye daraja ambayo aliyeanguka huinuka zamu inayofuata, hata maiti haijapoa. Mwaka 2017, katika toleo lililofufua mchezo wa mwaka 1992, ikatiwa zana ya kurudisha wakati nyuma: umekosea, warudisha hatua mbili tatu, askari yu hai, na adui hakumbuki kitu. Zana kama hiyo imo katika toleo la mwaka 2019 na la mwaka 2023, kila mara kwa jina jingine. Naambiwa hata mchezo mwingine wa aina hii, Tactics Ogre, ulipotengenezwa upya mwaka 2010, ulimpa mchezaji uwezo wa kurudi nyuma hadi hatua 50. Hatua hamsini! Ni nani kati yetu asingeomba hamsini?

Kijana wa kwanza alisema kwamba mchezo wa kurudi nyuma ni mchezo wa watoto. Wa pili akajibu kwamba kidole chake ni kinene na kioo cha simu ni kidogo. Mara nyingi amemsogeza askari mahali asipokusudia, na hakuona haki mtu afe kwa sababu ya kidole.

Jibu hili lilinikalia moyoni kuliko yote. Katika mashine za zamani zenye vitufe, unamchagua askari kwa kitufe kimoja, unamsogeza, na kabla hujathibitisha amri unaweza kughairi kwa kitufe kingine. Kati ya nia na tendo pameachwa nafasi ya pumzi moja. Lakini katika toleo la simu la mwaka 2017 askari huburutwa kwa kidole. Ukimburuta hadi juu ya adui, vita vimeanza. Huenda mchezaji akaweka sharti la kuthibitisha kwanza, lakini wangapi huliweka? Kwa hiyo vijana walipobishana juu ya vitufe na kioo, walikuwa wakiuliza tendo huanza wapi: mkononi au moyoni. Na nadhani aliyesema habari ya kidole alikuwa na haki. Kurudisha lililofanywa na kidole bila moyo si kutendua tendo, kwani tendo halikuwapo. Lakini mara ngapi tunasingizia kidole?

Wapenzi wa bao watakuwa wamekwisha kutabasamu. Bao la Kiswahili lina jambo hili hili, tena kwa ukali zaidi. Kila mchezaji ana kete 32. Kumi huanza ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua. Nyumba ina heshima yake. Kete yako ya mwisho ikiangukia humo katika zamu ya kula, una hiari ya kulala au ya kusafiri. Ukisafiri, unazichota kete zote na kuzitawanya, na nyumba imekufa. Hata lile shimo likijaa tena, hata likiwa na kete kumi, halitakuwa nyumba mpaka mchezo uishe. Nimewaona watu wazima wakisita hapo, mkono ukielea juu ya shimo, baraza zima limenyamaza. Ukimya ule hupatikana kwa sababu hakuna atakayeirudisha nyumba. Bao la kujifunza, ambalo kete hupangwa mbili mbili kila shimo na kunamua hakuna, halina ukimya wa namna ile. Ni bao zuri, nalo lina wapenzi wake, ila halimtishi mtu.

Hata hivyo sikubaliani na kijana wa kwanza, na sababu alinipa mwenyewe bila kujua. Nilimwuliza: katika toleo la zamani, askari wako umpendaye akifa, hufanya nini? Akacheka. "Mjomba, nazima, naanza vita upya." Naye si peke yake, ndivyo walivyofanya wachezaji wengi tangu mwaka 1990. Sheria ilisema maiti hafufuki, na mchezaji akamfufua kwa kuchomoa waya. Zana ya kurudisha wakati haikuleta dhambi mpya. Iliihalalisha iliyokuwapo, ikaipa jina na kipimo. Basi ukali wa toleo la zamani haukuwa ndani ya mashine kamwe. Ulikuwa ndani ya mtu aliyekubali kutochomoa waya.

Vivyo hivyo mti wa bao haumzuii mtu kuzikusanya kete alizotawanya. Wanaomzuia ni wale waliokaa pembeni. Mchezo wa simu hauna pembeni. Mwaka 2012 kuna mchezo wa vita, XCOM: Enemy Unknown, uliompa mchezaji hiari ya kujifunga: akiichagua, kumbukumbu ya mchezo huwa moja tu, na kila hatua hujiandika juu ya iliyotangulia. Waonaje, mtu anaiomba mashine imkalie baraza!

Sisi washairi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Sheikh Amri Abedi alipozitoa sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kujali vina na mizani, ugomvi uliozuka ulifanana sana na ule wa chini ya mwembe. Wa kale walisema shairi lisilo na mizani kumi na sita limemwondolea mtunzi hatari. Wapya wakasema hatari iko kwingine. Mimi natunga kwa vina, wala sidhani kwamba Kiswahili kinanilazimisha. Nafanya hivyo kwa kuwa neno la mwisho la mshororo wa kwanza hunifunga hadi wa nne, na bila kufungwa huko mimi, kwa kipaji changu, huandika uvivu. Mwingine ajifunge kwa kamba yake.

Lakini kijana wa tatu, aliyekuwa kimya, alisema neno ambalo lazima nilitendee haki. Kwao hulima mpunga bondeni. Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, na masika yakizidi huacha njia yake na kupita mashambani. Mwenye shamba huamua siku ya kupanda kama mchezaji wa bao aamuavyo kusafiri, isipokuwa baraza lake ni mawingu. Bonde lote ni hivyo. Kabla daraja la Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018 watu walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama kwa dhoruba. "Huku nje hakuna kurudi nyuma, mjomba," alisema. "Mimi simu naishika usiku ili nirudi nyuma."

Nani atamwambia kijana huyu kwamba anahitaji mazoezi zaidi ya kupoteza? Aghalabu wanaosifu ukali wa mchezo ni wale ambao maisha hayakuwakalia vibaya. Namwachia marejeo yake yote, na hata hamsini.

Nina dai moja tu dhidi ya zana ile, nalo halihusu ukali. Linahusu alama. Mchezaji arudishapo wakati, mpiga mishale hufa mara tatu kisha akaishi, na hadithi haina habari ya vifo vile. Wenzake hawakumlilia. Yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni mchezaji peke yake, naye kesho amesahau. Mtu aliyeendelea na vita baada ya kumpoteza, jeshi likiwa na pengo, huweza kukwambia jina la marehemu miaka mingi baadaye. Mpwa wangu alinitajia watatu.

Mfasiri hurudi nyuma kila siku, nami sioni aibu. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare akaichapisha mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Hakuridhika. Mwaka 1969 akaitoa tena, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu huyo huyo aliongoza nchi, na huko vijiji vilivyohamishwa katika miaka ya 1970 havikupata toleo la pili. Lakini katika tafsiri alirudi, na aliporudi hakulifuta la kwanza. Anayetaka anaweza kuyaweka matoleo yote mawili mezani, akapita mstari kwa mstari, akaona ni wapi mkono ulisita, neno gani liliondolewa, na lipi lilikaa mahali pake.