MWENYE MARADHI YA SUKARI NA CHANJO

Mmoja katika ndugu zetu wa darsa, naye ana maradhi ya sukari, ameshauriwa na tabibu wake achanjwe kwa ajili ya homa ya mafua. Akajibu: "Mwili ni wangu na ajali ni ya Mungu, nikiacha simdhulumu mtu." Kisha akatuuliza sisi twasemaje.

Ama kusema kuwa ajali ni ya Mungu, ni kweli isiyo shaka. Lakini ndugu yetu huyu kila siku hujidunga sindano ya insulini, wala haoni kuwa imempunguzia tawakali yake. Basi yawaje sindano ya kila siku iwe ni sababu njema, na ya mara moja kwa mwaka iwe ni upungufu wa imani? Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali.

Na ifahamike kuwa sukari na chanjo si mambo mawili mbali mbali. Sukari izidipo katika damu huwadhoofisha askari wa mwili wanaopigana na maradhi. Na maradhi yaingiapo, nayo huipandisha sukari zaidi. Ndipo mafua, ambayo kwa mwengine ni kulala siku chache, kwa mwenye sukari huweza kugeuka homa ya mapafu. Ni kweli kuwa chanjo yenyewe huenda ikaipandisha sukari kidogo kwa siku moja au mbili. Lakini dawa ya hayo ni kupima mara nyingi zaidi siku hizo, si kuikimbia chanjo.

Ama kusema "simdhulumu mtu", hapo hatukubaliani naye. Mwili ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa. Akiugua, atakayekesha ni mkewe, na atakayeacha kazi ni mwanawe. Tena mafua hayakai kwa mtu mmoja. Yatamfikia mjukuu wake na mzee wa nyumba ya pili.

Na tuwatazame jirani zetu wa Marka, katika pwani ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 alipatwa na ndui huko Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Mungu akamponya, akawa ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alikuwa akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio, huku akiwasimulia kosa lake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Sisi hatumlazimishi mtu, na chanjo impasayo kila mgonjwa aijua tabibu wake. Lakini twamwambia ndugu yetu: ikiwa waogopa sindano, sema kuwa waogopa, nasi tutakwenda pamoja nawe. Kuogopa si aibu. Lisilofaa ni kuiita khofu yako tawakali.