Shahidi Ambaye Hakuwepo

Ndani ya kinu kinachounganisha viini vya haidrojeni, kama jua lifanyavyo, plazima hutakiwa kufikia nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Sumaku huizuia isiguse kuta, lakini joto lazima lipate pa kutokea. Katika ITER, kinu kinachojengwa kusini mwa Ufaransa, mahali hapo ni sakafu iitwayo diverta, iliyovikwa tangsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Sakafu hiyo inatakiwa ihimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba. Jua la utosini, lile linalotufanya tutafute kivuli, huleta kama kilowati moja tu kwenye eneo hilohilo. Zidisha mara elfu kumi. Na hiyo ndiyo siku njema. Siku mbaya, plazima inapoponyoka, nishati yake hutua mahali padogo ndani ya milisekunde chache.

Hakuna aliyeiona siku hiyo mbaya kwa ukubwa wa ITER, maana ITER bado haijawashwa. Tunaijua kupitia kompyuta. Ndipo linapoanza swali linaloninyima usingizi: mtu anayesema "najua" kwa kuwa programu imemwonyesha, je, anajua kweli? Na tukimsikiliza, au tukimpuuza, lawama ni ya nani?

Mfano ninaourudia ni wa mwaka 2021. Ahmed Hassanein na Valeryi Sizyuk, wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, walichapisha matokeo ya programu iitwayo HEIGHTS. Programu hiyo hufuatilia pigo la joto hatua kwa hatua: tangsteni inayeyuka, inachemka, inageuka mvuke, na mvuke huo unakuwa wingu linalomeza joto linalofuata. Tabaka la juu linateketea na kuteketea kwake kunalikinga lililo chini. Hadi hapo ni habari njema. Lakini wingu halimezi tu. Nalo linang'aa, na mng'ao wake unapiga sehemu zilizofichwa nyuma, zisizoundwa kwa ajili ya kupigwa. Walihitimisha kwamba diverta, kama ilivyosanifiwa, huenda isifanye kazi ipasavyo.

Jiweke kwenye kiti cha mhandisi aliyesoma hayo. Vipuri vinaendelea kutengenezwa, fedha za mataifa mengi zimekwishatumika, na anayekuonya ni shahidi ambaye hakuwepo, kwa sababu tukio lenyewe halijatokea.

Rafiki yangu mmoja huuita uigaji wa namna hii ramli ya watu waliosoma. Ananichekesha, ila hanishawishi. Mpiga ramli hakuonyeshi njia aliyopitia, ilhali programu inaweza kufunguliwa na kila dhana yake kuhojiwa. Hata hivyo dhihaka yake ina chembe ya ukweli. Mwaka 1994 Naomi Oreskes na wenzake wawili waliandika katika jarida la Science kwamba modeli ya mfumo wa asili haiwezi kamwe kuthibitishwa kuwa kweli. Ikilingana na vipimo tulivyo navyo, imelingana na hivyo tu. Walikuwa wakizungumzia sayansi za dunia, lakini hoja yao inafika hadi kwenye tangsteni.

Kwa muda nilishikilia jibu rahisi: modeli ikisema "hatari", iaminiwe haraka, ikisema "salama", idaiwe ushahidi zaidi. Linaonekana jibu la busara. Tatizo ni kwamba tahadhari nayo ina bei yake. Mwaka 2024 ITER ilitangaza ratiba mpya inayosogeza matumizi ya deuteri na triti hadi 2039. Kila usanifu mpya unakula miaka, na hewa ya dunia haisubiri. Tena "hatari" na "salama" hutoka kwenye milinganyo ileile. Nikiamini moja na kuikataa nyingine, nimechagua kwa hofu yangu, wala si kwa ushahidi.

Ninachodai sasa ni kidogo zaidi, na pengine kigumu zaidi: anayeleta modeli aniambie mahali ilipojaribiwa inaishia wapi, na asiongee kwa sauti ileile akivuka mpaka huo. Kuuficha mpaka ni uongo, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Mpaka wenyewe unaonekana vizuri kwenye nyutroni. Nyutroni moja ya muungano huo ikigonga atomu ya ukuta, atomu nyingi husukumwa kutoka mahali pake ndani ya sehemu za trilioni za sekunde, na kompyuta huweza kuigiza tukio hilo atomu kwa atomu. Ukuta wa kituo cha umeme, hata hivyo, utagongwa kwa miaka. Leo hakuna chanzo cha nyutroni za aina hiyo chenye nguvu ya kutosha kujaribu metali kwa kiwango hicho. Karibu na Granada, Hispania, kinajengwa kimoja, IFMIF-DONES, ambacho kazi yake itakuwa kupiga vipande vya metali na kuona vinavyoharibika. Wenye modeli tayari wameandika watakachokikuta.