Mnyororo katika Mbuyu wa Bagamoyo

Katika misheni ya zamani ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, upo mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka huo huo. Chini ya shina lake chaonekana kipande cha mnyororo, nao mti umeumeza karibu wote. Wageni wafikapo pamoja na kiongozi wao kutazama kanisa, makaburi ya wamisionari, na nyumba ya zamani ya masista ambayo sasa ni makumbusho, hupelekwa hata mtini hapo. Na mgeni auonapo mnyororo ule, mara moyo wake humwambia: Hapa alifungwa mtumwa.

Lakini sivyo. Habari iliyohifadhiwa misheni yasema ya kuwa mama mmoja, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, aliufunga mnyororo ule mtini mwishoni mwa karne ya 19, apate mahali pa kumfungia punda wake. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua.

Basi liko swali ambalo yatupasa kulipima, sisi wasomaji, na hasa waalimu wa dini. Kiongozi akiona mgeni amekwisha kuhuzunika mbele ya mnyororo, je, amwambie habari ya punda? Au anyamaze tu, amwache na huzuni yake njema?

Wako watakaosema anyamaze, na hoja yao si ya kudharauliwa. Biashara ya watumwa ilikuwako kweli. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora, ikapita Mgunda Mkali na Ugogo, kusini ya nchi yetu hii ya Ikungi, ikashuka hata Bagamoyo. Na watu wengi wakavushwa bahari kwenda Unguja, ambako soko la watumwa lilikuwa wazi mpaka mwaka 1873. Minyororo ilikuwako, na shingo zilizofungwa zilikuwako. Ikiwa mgeni alia mbele ya mnyororo usio wenyewe, machozi yake ni ya haki. Ni nani basi aliyedhulumiwa?

Mimi naona wamedhulumiwa watatu. Wa kwanza ni mgeni mwenyewe. Hakuja na macho ya kuyajua mambo ya mahali pale. Amemwazima kiongozi macho yake. Mtu aliyekuamini hivi, ukimwacha aende na uongo, umemdanganya ijapokuwa hukufumbua kinywa.

Wa pili ni wale wafu. Waliteswa kweli, basi haki yao ni kushuhudiwa kwa kweli. Katika amri ya nane twakatazwa kumshuhudia jirani uongo, wala sioni ya kuwa jirani akifa amri hiyo yakoma. Mtumwa hahitaji kuazimwa mnyororo wa punda ili apate kuhurumiwa.

Wa tatu ni watoto wetu. Siku moja watasikia habari ya punda kwa mtu mwingine, pengine kwa mtu apendaye kusema ya kuwa mabaya ya utumwa yamekuzwa mno. Naye atawaambia, Mwaona? Mnyororo ni uongo, basi na mengine ni uongo. Hivyo neno dogo lililosemwa kwa huruma litakuwa silaha ya kuikana kweli kubwa.

Wala jambo hili si la Bagamoyo peke yake. Mkunazini, Unguja, Waanglikana walijenga kanisa lao penye soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi. Karibu na kanisa viko vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ndimo walimofungwa watumwa. Lakini wako wanahistoria wasemao ya kuwa jengo lile lilijengwa na misheni kwa ajili ya wagonjwa, baada ya soko kufungwa. Kiongozi mwaminifu ataueleza ubishi huo. Soko lenyewe halina ubishi, nalo latosha kumliza mtu.

Tena kweli haikati upande mmoja tu. Mapadre wa Bagamoyo waliwanunua watoto sokoni wapate kuwakomboa, wakawalea na kuwafundisha kazi. Hiyo ni sifa yao. Lakini watoto hao waliishi chini ya kengele na amri kali, katika kulima na kusali, wala hawakuulizwa kama wanataka maisha hayo. Na baadhi yao wakatoroka. Kiongozi ausemaye ukombozi na kuuficha utoro amepunguza kweli, sawasawa na yule aliyeongeza mnyororo.

Mtaniuliza, Je, mgeni hatarudi kwao moyo mtupu? Hapana. Na aonyeshwe mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874, akaambiwa habari za Susi na Chuma na wenzao walioubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Na aelezwe ya kuwa jina la Bagamoyo lina maelezo mawili, moja la mtumwa aliyekata tamaa, na moja la mpagazi aliyetua mzigo akapumzika. Tena wenye elimu hawajapatana. Hayo yote hayana chumvi, nayo yashiba.

Nasi huku bara, makanisa yetu ya kwanza yanazidi kuwa ya kale. Vijana na wageni watauliza, Nani alijenga hapa? Msiwataje wamisionari peke yao, mkawasahau waliobeba mawe na kuteka maji. Waulizeni wazee wangali hai, mkaandike wasemayo na jina la aliyesema. Na pale msipopata habari, semeni waziwazi, Hatujui. Wala msiweke hadithi tamu mahali pa majina ya watu.